Mtwara Kulikuwa na Vifo Viwili

Juni mwaka 2025, Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara iliwatia hatiani maofisa wawili wa Jeshi la Polisi kwa kumuua kwa kukusudia Mussa Hamisi, kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea, ikawahukumu adhabu ya kifo. Washtakiwa wenzao watano wakaachiwa huru. Tangu siku ile nimesoma na kusikia pongezi za kila namna. Tumeambiwa kwamba mfumo wetu wa haki jinai unafanya kazi, kwamba hakuna aliye juu ya sheria, na kwamba wale waliokuwa wakilitilia shaka Jeshi la Polisi sasa wafunge midomo yao. Sina ugomvi na hukumu hiyo. Jaji alisikiliza mashahidi, akapima ushahidi, akawaadhibu aliowaona wana hatia na kuwaachia ambao hatia yao haikuthibitika. Ndiyo kazi ya mahakama. Ugomvi wangu ni na pongezi.

Januari 2022, Mtwara kulikuwa na vifo viwili. Kimoja kimepata hukumu. Cha pili kilipata taarifa ya Kamanda kwa vyombo vya habari.

Niwakumbushe waliosahau, kwa maana nchi yetu husahau upesi. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa mahakamani, Mussa Hamisi alikamatwa Mtwara mjini Oktoba 2021 akituhumiwa wizi, na fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 30, zikaingia mikononi mwa polisi. Januari 2022 alirudi kuzidai. Hakutoka tena akiwa hai. Alichomwa sindano ya dawa ya usingizi, akazibwa pumzi, na mwili wake ukatupwa porini katika kijiji cha Hiari. Ndugu zake walipouliza alipo, waliambiwa kwamba alikwisha kuachiwa, akaenda zake.

Kabla mwezi huohuo haujaisha, maofisa saba walifikishwa mbele ya hakimu. Walipaswa kuwa wanane. Mmoja, mwenye cheo cha Mkaguzi Msaidizi, alikufa akiwa mahabusu chini ya ulinzi wa jeshi alilolitumikia. Tulielezwa kwamba alijinyonga.

Basi, ikawa hivyo. Mtu aliyekuwa akishikiliwa kwa tuhuma za mauaji yaliyofanyika ndani ya mikono ya polisi, naye alikufia ndani ya mikono ya polisi. Na waliotueleza jinsi alivyokufa ni polisi. Sisemi aliuawa. Sina ushahidi wa kusema hivyo, na mwalimu asiye na ushahidi hana tofauti na mpiga domo wa kijiweni. Ninachosema ni kwamba raia yeyote mwenye akili timamu aliyeisikia habari ile alikuwa na haki ya kuuliza maswali ambayo hata mtoto wa darasa la saba angeyauliza. Alikuwa na nani chumbani? Zamu ilikuwa ya nani? Alikaguliwa vipi kabla ya kuingizwa mahabusu, ilhali kila aliyewahi kulala mahabusu ya nchi hii anajua kwamba hata mkanda wa suruali huachwa mapokezi? Daktari aliyeuchunguza mwili aliteuliwa na nani, na ripoti yake ilikwenda kwa nani? Na kubwa kuliko yote: alikuwa amekwisha kuandika maelezo gani, na ni nani waliotajwa ndani yake?

Maswali hayo yaliulizwa Mtwara, Masasi, Newala na Nachingwea, kwenye vijiwe vya kahawa na ndani ya mabasi. Jibu lilikuwa lilelile tunalolijua sote kwa moyo: uchunguzi unaendelea.

Nimepata kuwaambia wanafunzi wangu kwamba katika Kiswahili cha utawala kuna sentensi zenye kitenzi lakini zisizo na tendo. "Suala linafanyiwa kazi" ni mojawapo. "Tuviachie vyombo vifanye kazi yake" ni nyingine. Lakini mama yao ni hii ya "uchunguzi unaendelea", kwa kuwa haina mwanzo unaojulikana, haina mwisho uliotajwa, na haina mtu. Nani anachunguza? Vyombo. Vyombo vipi? Vyombo husika. Vitamaliza lini? Utakapokamilika, umma utajulishwa. Mwananchi anayeuliza zaidi ya hapo anageuzwa kuwa ndiye mtuhumiwa: anaingilia upelelezi, anachochea, anatumiwa.

Naam, shaka ya wananchi. Watawala wetu huizungumzia kana kwamba ni maradhi yaliyoletwa na mitandao. Ukiwasikiliza utadhani kwamba kabla ya simu za kiganjani Watanzania walikuwa wakiamini kila walichoambiwa na Kamanda wa Mkoa. Mimi nadai kinyume chake. Shaka hii imefundishwa, na waliofundisha ni wenye dola, somo baada ya somo, na mwanafunzi ameelewa.

Somo la mwaka 2006 wengi wenu mlikuwa wadogo. Januari mwaka huo, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, Morogoro, walikuwa Dar es Salaam, wakiwa na fedha zao, pamoja na dereva teksi mmoja. Wote wanne walipigwa risasi. Polisi walilieleza taifa kwamba hao walikuwa majambazi waliouawa katika mapambano. Kama si kelele za ndugu na waandishi wa habari, leo hii wangekuwa majambazi katika kumbukumbu za nchi. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na tume ikabaini kwamba hawakuwa majambazi hata kidogo, na kwamba waliuawa wakiwa tayari mikononi mwa polisi, katika msitu wa Pande. Kesi ikafunguliwa dhidi ya maofisa kadhaa. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia washtakiwa wote kwa kuwa upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi. Ilibidi kusubiri hadi 2016, miaka kumi kamili, Mahakama ya Rufani imtie hatiani mtu mmoja tu.

Tazama mfanano, msomaji wangu. Mahenge na Nachingwea. Madini na fedha taslimu. Kijana wa mkoani asiye na mjomba serikalini. Tuhuma ya ujambazi au wizi inayotangulia ili kifo kionekane kimestahili. Miaka 16 kati ya tukio moja na jingine, na mtiririko ni uleule, kana kwamba mwongozo umeandikwa mahali.

Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa akiwa amezungukwa na askari. Safari hii wauaji walikuwa na bahati mbaya: kamera zilikuwepo. Picha zilienea nchi nzima kabla taarifa rasmi haijapigwa chapa. Ikaundwa kamati ya Waziri, wanahabari nao wakaunda yao, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ikafanya uchunguzi wake. Ripoti hizo ukiziweka mezani pamoja hutaamini kwamba zinazungumzia siku moja na uwanja mmoja. Mwishowe, mwaka 2016, askari mmoja alifungwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja, kati ya kundi zima tuliloliona kwenye picha. Na Februari 2018, risasi ilimuua Akwilina, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, akiwa ndani ya daladala Kinondoni wakati polisi wakitawanya maandamano. Miezi miwili baadaye jalada la askari waliokuwa wakishikiliwa likafungwa. Nani alifyatua? Risasi ilitoka kwenye silaha ya serikali yenye namba na yenye daftari la makabidhiano, lakini aliyefyatua hakujulikana.

Nawauliza wale wanaolalamikia "tabia ya kutilia shaka kila kitu": mwananchi aliyepitia masomo hayo afanye nini? Aamini?

Kuna jambo moja katika kesi ya Mtwara ambalo wapiga pongezi hawalitaji, nalo ndilo lenye uzito. Mapema Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Mwanza, aliizungumzia habari hii hadharani. Alieleza kutoridhishwa kwake na Jeshi la Polisi kujichunguza lenyewe kwa mauaji yanayodaiwa kufanywa na watu wake, na akamwagiza Waziri Mkuu aunde timu nyingine. Timu ikaundwa, ikatumwa Mtwara na vilevile Kilindi mkoani Tanga, ambako nako kulikuwa na malalamiko ya mauaji.

Tuyapime maneno hayo kwa utulivu. Mkuu wa nchi, Amiri Jeshi Mkuu, mtu anayepokea taarifa ambazo mimi na wewe hatutaziona kamwe, hakuridhika na uchunguzi wa polisi juu ya polisi. Shaka iliyokuwa ikisemwa kwa kunong'ona katika vijiwe vya Masasi ilisemwa kwa kipaza sauti na Ikulu. Sasa, kama shaka ni uchochezi, nani alichochea? Kama ni dalili ya kutolitakia mema Jeshi la Polisi, tumweke wapi Rais? Haiwezekani jambo lilelile liwe busara likitoka juu na liwe jinai likitoka chini.

Ndiyo maana nasema hukumu ya Juni haithibitishi kwamba mfumo unafanya kazi. Inathibitisha kwamba mfumo unaweza kufanya kazi pale Rais anapopaza sauti. Hilo ni jambo tofauti kabisa. Rais ni mmoja. Vituo vya polisi ni vingi, na vifo vya mashaka havimsubiri apite barabarani akielekea Mara. Mtumishi wa umma unayenisoma kimyakimya ofisini kwako, nawe unajua hili kuliko mimi: jalada ambalo halikutajwa na kiongozi linakaa wapi, na vumbi lake lina unene gani.

Hapa Chidya, nilipo kwa likizo, suala hili si la nadharia. Kwa wasiojua, Chidya iko Masasi, ni misheni ya zamani ya Waanglikana yenye shule ya sekondari iliyowasomesha wengi wa kusini, na pembezoni mwake ni mikorosho mpaka macho yachoke. Huku uchumi hutembea mfukoni. Tuna stakabadhi ghalani, tuna vyama vya msingi, malipo yanapitia benki. Lakini mkulima akishalipwa huzitoa fedha zake zote siku moja, kwa sababu benki iko Masasi mjini na nauli ni mali. Mnunuzi wa kangomba hutembea na mabunda, na kwa kuwa biashara yake yenyewe haikubaliki kisheria, hana wa kumlilia akiporwa. Wachimbaji wadogo na madalali wa Nachingwea, Ruangwa na Masasi nao ni vilevile. Kijana mwenye milioni 30 begani katika mkoa huu si lazima awe mwizi. Ni msimu tu umemwendea vizuri.

Mzee mmoja hapa, mtu wa makamo ya baba yangu, aliniuliza swali nililolitafakari usiku kucha. "Mwanangu, wewe umesoma sana. Hebu niambie, mtu akinyang'anywa fedha na jambazi anakwenda kushtaki polisi. Huyu kijana wa Nachingwea alipaswa kwenda wapi?" Nikamtajia Tume ya Haki za Binadamu. Akauliza ofisi yake ya hapa iko wapi. Nikamtajia mahakama. Akaniuliza, kwa upole kabisa, ni nani anayepeleka watu mahakamani. Nikanyamaza, na yeye, kwa adabu ya wazee wa huku, akabadili mazungumzo tukaanza kuongea habari za bei ya salfa.

Wako watakaosema kwamba mazungumzo ya namna hii ni ya hatari, yanajenga chuki kati ya raia na askari. Ninakubali kwamba hatari ipo, ila wanaipachika mahali pasipo pake. Masasi tuliiona Januari 2013. Ugomvi kati ya polisi na vijana wa bodaboda, uliokolezwa na uvumi uliokimbia kuliko pikipiki zenyewe, uligeuka moto kwa muda wa saa chache: nyumba za viongozi, magari, ofisi za umma. Watu walikufa. Waliochoma hawakuwa wamesoma makala za wahadhiri. Walikuwa watu waliozoea kwamba hakuna mlango wa kubisha hodi, hivyo waliposikia la kusikia, kweli au uongo, hawakuwa na subira ya kungoja taarifa ya chombo wasichokiamini. Uvumi ni mbaya, na mimi nimeshauona ukibomoa majina ya watu wasio na hatia. Lakini dawa ya uvumi ni taarifa iliyothibitishwa na mtu asiye na maslahi katika jibu. Tamko la mtuhumiwa kuhusu tuhuma zake mwenyewe haliwezi kuwa dawa hiyo, hata likisomwa na mtu mwenye nyota mabegani.

Wapo pia wanaosema kwamba siri ya upelelezi ni ya lazima, na kwamba tukianika kila hatua tutawapa wahalifu njia ya kutorokea. Hoja hii ina uzito wake, nami siidharau. Hakuna anayedai mpelelezi atangaze kesho anakwenda kumkamata nani. Tunachodai ni vitu ambavyo havimtoroshi mhalifu yeyote: jina la mchunguzi, mamlaka aliyopewa, tarehe ya kumaliza, na ripoti ikishakamilika. Siri inayolinda upelelezi huisha upelelezi ukiisha. Ikiendelea baada ya hapo, inalinda kitu kingine.

Tuangalie majirani, si kwa kuwasifia kupita kiasi. Juni hiyohiyo ya 2025, wakati Mtwara ikisubiri hukumu, kijana mwalimu na mwandishi wa mtandaoni, Albert Ojwang, alikamatwa Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na usiku huohuo akafa katika kituo kikuu cha polisi cha jiji. Polisi wa Kenya walisema alijigonga kichwa ukutani. Maneno yaleyale ya mtu kujidhuru mwenyewe ndani ya chumba chenye ufunguo wa wengine. Lakini ndani ya siku chache wataalamu wa uchunguzi wa maiti walisimama mbele ya kamera wakaeleza kwamba majeraha hayo hayakuwa ya mtu aliyejigonga. Inspekta Jenerali akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ya awali. Uchunguzi ulikuwa tayari mikononi mwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na kabla mwezi haujaisha maofisa wa polisi walikuwa wameshtakiwa kwa mauaji. Polisi wa Kenya si malaika. Waulize wazazi wa vijana waliouawa katika maandamano ya mwaka 2024. Hata hivyo uongo wa Nairobi uliishi siku tatu. Wa Pande, ule wa mwaka 2006, nadhani hamjasahau uliishi muda gani.

Lakini tusisingizie ukosefu wa mamlaka mpya tu, maana hiyo nayo ni njia ya kuahirisha. Sheria tunayo. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24 katika vitabu vyetu vya sheria, ilitungwa mwaka 1980, wakati wa Mwalimu Nyerere, na inataka vifo vya mashaka, hususan vya watu walio mikononi mwa polisi au magereza, vichunguzwe na hakimu. Narudia: hakimu. Anaita mashahidi, anapokea ripoti ya daktari, anawahoji waliokuwa zamu, anaandika matokeo. Kwa jinsi sheria hiyo inavyotumika nadra, nimekutana na watumishi wa umma wa vyeo vya heshima ambao hawakuwa na habari kwamba ipo. Mmoja alidhani ni ya Kiingereza na kwamba ilifutwa pamoja na ukoloni.

Basi nauliza juu ya kifo cha pili cha Mtwara. Hakimu gani aliketi? Katika mahakama ipi? Askari wa zamu alitoa ushahidi lini, chini ya kiapo? Mjane na watoto wa yule Mkaguzi Msaidizi, kama wapo, waliitwa? Maana tusisahau kwamba naye ni marehemu, na huenda alikuwa mhalifu, huenda alikuwa shahidi muhimu kuliko wote, huenda alikuwa yote mawili. Hakuna mahakama iliyompata na hatia, na familia yake imebaki na jina lililochafuliwa pasipo kesi, na kaburi lenye sababu ya kifo iliyoandikwa na waliomfungia mlango. Wanaodhani kwamba kutetea uchunguzi huru ni kuwachukia askari, wafikiri juu ya askari huyu.

Faida ya kumbukumbu za hakimu haionekani siku hiyohiyo. Oktoba 1971, Ahmed Timol, mwalimu na mpinzani wa ubaguzi wa rangi, alianguka kutoka ghorofa ya kumi ya kituo cha polisi cha John Vorster Square, Johannesburg. Polisi walisema alijirusha. Hakimu wa makaburu aliketi mwaka 1972 na akakubaliana nao: alijiua. Ulikuwa uchunguzi wa aibu. Lakini kwa kuwa ulifanyika mahakamani, majina yaliandikwa, saa ziliandikwa, na yaliyosemwa na kila askari yaliandikwa. Familia haikuchoka. Mwaka 2017, miaka 46 baadaye, Jaji Billy Mothle alirejea katika shauri lile na kutamka kwamba Timol hakujiua, aliuawa. Hata uchunguzi mbovu, ukiwa wa wazi, huacha alama za kufuatia. Tamko la polisi mbele ya waandishi halina hata hizo.

Serikali yenyewe ilikwisha kuambiwa. Januari 2023 Rais alizindua tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Walizunguka nchi, walisikiliza watu, na Julai mwaka huohuo wakakabidhi ripoti iliyolichambua Jeshi la Polisi pasipo kumung'unya maneno. Miongoni mwa mapendekezo yao ni kuwa na chombo cha taifa cha upelelezi kinachojitegemea, ili anayekamata asiwe yeye anayepeleleza. Hadi Julai 2025 ilikuwa imetimia miaka miwili. Upelelezi ulikuwa bado uko palepale. Na kati ya Julai ile na Julai 2025, Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa Chadema, alishushwa kwenye basi pale Tegeta, Septemba 2024, mbele ya abiria, na kesho yake mwili wake ukaokotwa Ununio. Rais aliagiza uchunguzi. Chama chake kikataka wachunguzi wa nje. Wakubwa wakakasirika, wakasema tuna uwezo wetu wa ndani. Nami naamini tunao. Madaktari wetu ni hodari, mahakimu wetu wengi ni waadilifu, na hata ndani ya polisi wamo wapelelezi wanaoijua kazi. Uwezo haujawahi kuwa tatizo. Swali ni anayechunguza anamwogopa nani. Hadi Julai 2025, miezi kumi ilikuwa imepita, na umma haukuwa umeonyeshwa mtuhumiwa hata mmoja.

Vijana wa vyuo huniuliza, baada ya kusoma makala kama hizi, wafanye nini. Na huwa nawaona wamechoka kabla sijajibu, wakijua nitawaambia "elimisheni jamii". Safari hii nina jambo dogo na mahususi. Wanaosoma sheria waitafute Sura ya 24 na waisome yote, si ndefu. Wanaharakati wenye ofisi na mihuri waandike barua kwa Mahakama ya Mtwara, nakala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, wakiuliza kama uchunguzi wa kihakimu ulifanyika juu ya kifo kilichotokea katika mahabusu ya polisi Mtwara Januari 2022. Kama ulifanyika, waombe nakala ya matokeo. Kama haukufanyika, waombe ufanyike sasa. Mashahidi wengi bado wako hai, baadhi yao wangali kazini, na daftari la zamu la kituo, kama halijaliwa na mchwa, lina majina.

Barua hiyo haivunji sheria yoyote, na wala haiingilii upelelezi, kwa kuwa tumekwisha kuambiwa kwamba upelelezi umekamilika na haki imetendeka. Atakayeipokea na kukasirika atakuwa amelijibu swali la pili, lile la yule mzee wa Chidya. Na kwa mtumishi wa umma ambaye barua itapita mezani kwake: gonga muhuri wa tarehe uliyoipokea, uiingize kwenye jalada, na uandike jina lako.